Mama anawekewa pesimeka: nyaya 2 au ile isiyo na waya?

Kitindamimba
Wakuu, habari. Mama yangu ana miaka 71. Wiki iliyopita alikuwa anaanika nguo, nikasikia beseni limeanguka. Kufika, yuko chini, kibanio bado kakishika. Baada ya muda kidogo akafumbua macho, akaniuliza nani kamwaga maji. Hospitali wakahesabu mapigo: 34 kwa dakika. Daktari anasema umeme wa moyo hauteremki kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, anapendekeza pesimeka, kile kifaa kinachoupigisha moyo kwa umeme, ya nyaya 2. Kaka yangu mkubwa kaona ile ndogo isiyo na waya, kang'ang'ania hiyo kwa kuwa ndiyo ya kisasa. Mliopitia hili, mlichaguaje?

Kijiweni
Pole mkuu. Huyo kaka anachagua pesimeka au simu?

Nesi wa Zamu
Pole sana. Nipo kitengo cha moyo, na hili naliona kila mara. Kifaa kinachaguliwa na ugonjwa. Mwulizeni daktari: vyumba vya juu vya mama vinapiga kwa mpangilio? Kama ndiyo, waya mmoja unakaa juu unasikiliza, wa pili uko chini unapiga. Cha juu kikidunda, cha chini kinafuata. Mama akipanda ngazi, mapigo nayo yanapanda. Mkiweka wa chini peke yake, kila chumba kinaweza kwenda kivyake. Wapo wanaochoka ovyo, wanapata kizunguzungu, wanahisi shingo inadunda, wakati kifaa chenyewe kizima kabisa.

Ila mtu ambaye vyumba vya juu vinatetemeka tu siku zote, huko juu hakuna cha kusikiliza. Wa chini unamtosha, na hapo hata hiyo ya kaka inafaa. Ni kama kidonge kikubwa, inapitishwa kwenye mshipa wa kinena. Inawafaa pia wenye mishipa ya kifuani iliyoziba, au waliowahi kupata maambukizi pale kifaa kilipokaa. Zimeshatoka zinazosikiliza mpaka juu, lakini si kila hospitali inaziweka. Moyo ukiwa umedhoofika kusukuma damu ni habari nyingine, wengine wanaongezewa waya wa 3.

Betri ya Pili
Jina langu linajieleza. Ya kwanza ilinikaa miaka 9. Ilipokaribia kuisha walipasua pale pale chini ya mtulinga, wakatoa kidude, wakachomeka kipya kwenye nyaya zile zile. Kaka aulize ile isiyo na waya ikiisha chaji inakuwaje, maana imo ndani ya moyo wenyewe. Mara nyingi inazimwa na kuachwa humo humo, inawekwa nyingine.

Ulizeni pia habari ya MRI, kile kipimo cha picha cha sumaku. Kifaa kukubalika hakutoshi, na nyaya nazo lazima ziwe za aina inayokubalika. Wiki za mwanzo asiinue mkono wa upande huo juu ya bega, kwa hiyo nguo aanike kaka. Na simu asiweke mfuko wa kifuani, ikae angalau sentimita 15 mbali.

Kama mama anaogopa, mwambieni kuhusu Arne Larsson wa Uswidi, mtu wa kwanza kupandikizwa pesimeka, mwaka 1958. Kifaa chake cha kwanza kilidumu saa chache tu. Akabadilishiwa zaidi ya mara 20, akaishi hadi 2001.

Kitindamimba
Nimerudi. Vyumba vya juu viko sawa, vinapiga kwa mpangilio. Ni nyaya 2, keshokutwa asubuhi. Kaka kakubali shingo upande. Mama swali lake ni moja tu: atakuwa anaisikia ikigonga usiku?

Betri ya Pili
Hapana. Mimi huwa naisikia kliniki tu, wakiipima na kuharakisha mapigo kidogo. Moyo unakwenda mbio nimekaa kwenye kiti. Mwambieni mapema, mimi mara ya kwanza nilimshika daktari mkono.