Naomba ushauri: nakwenda kutembelea chuo kikuu, nataka kusomea teknolojia ya muziki

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimemaliza kidato cha sita hapa Unguja. Jumamosi ijayo navuka na boti ya asubuhi kwenda Dar, kuna chuo kinafungua milango kwa wanaotaka kujiunga. Mama kanipa nauli, baba bado anauliza, "Muziki nao unasomewa digirii?"

Mimi kupiga ala najua kidogo tu, nilijifunza ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarabu, kwa jirani yetu Mji Mkongwe. Ninachokipenda khasa ni kurekodi. Studio yangu ni chumba cha kulala, godoro nimelisimamisha dirishani, na bado adhana inaingia kwenye maikrofoni. Tatizo langu kubwa ni programu ya kurekodi kwenye kompyuta: nikiiruhusu isahihishe sauti, inavuta kila noti kwenye zile 12 za piano, na zile robo za taarabu, yaani sauti zinazokaa katikati ya noti mbili za piano, zinapotea. Mwimbaji aliposikia alinitazama kama nimemtilia maji kwenye urojo wake!

Sasa walimu niwaulize nini? Nataka kujua kama wanafundisha maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu zinazotumika kwenye taarabu, au ni piano tu, na mwanafunzi anapata saa ngapi za studio kwa wiki. Nichukue kazi zangu kwenye fleshi, au itaonekana najitia? Kusoma noti sijui vizuri, wataniuliza siku hiyo hiyo?

Na waliopata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu ya Zanzibar wakasoma Bara, fani za sanaa zinakubaliwa? Baba atauliza hilo kabla sijavua viatu.