Kikundi cha familia: Mama na mafuta ya CBD

Juma: Shikamooni wakubwa. Nimeona mafuta ya CBD mtandaoni, wanasema yanatuliza maumivu ya viungo na kuleta usingizi. Magoti ya Mama yamemzidi, usiku halali. Naomba tuchange nimwagizie.

Mjomba Athumani: Marahaba. Hiyo CBD si bangi? Unataka dada yangu alewe uzeeni?

Juma: Haileweshi, Mjomba. Mmea ni huohuo, ila kinacholewesha ni THC. CBD ni kitu kingine.

Mama Mdogo Rehema: Marahaba mwanangu. Hapo umesema kweli. Hata kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilipoipitia mwaka 2018 haikuona dalili kwamba CBD tupu inaleta uraibu. Lakini kabla ya kuchanga: Salma, Mama anameza dawa gani sasa hivi? Taja zote.

Salma: Shikamoo Mama Mdogo. Amlodipini ya presha, parasetamoli akizidiwa, na warfarini ya kuzuia damu kuganda, tangu ilipomganda mguuni.

Mama Mdogo Rehema: Warfarini! Juma, usiagize kitu.

Mama Mdogo Rehema: Ini ndilo linalovunja warfarini na kuiondoa. CBD inazuia vimeng'enya vilevile vya ini vinavyofanya kazi hiyo. Matokeo yake warfarini inajaa mwilini na damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Mtu anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani bila hata kujikwaa. Majarida ya tiba yameshaeleza wagonjwa ambao INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ilipanda walipoanza CBD.

Juma: Lakini ni kitu cha mmea, Mama Mdogo, cha asili.

Mama Mdogo Rehema: Asili ya warfarini nayo ni mmea. Ng'ombe wa Amerika Kaskazini walikula majani ya malisho yaliyovunda wakavuja damu hadi kufa, na kemikali iliyopatikana kwenye majani hayo ndiyo iliyozaa dawa anayomeza Mama yako.

Mjomba Athumani: Sasa hayo mafuta yanatibu au hayatibu?

Mama Mdogo Rehema: Kifafa, ndiyo. Marekani waliidhinisha Epidiolex, dawa ya CBD, mwaka 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu kinachoanzia utotoni. Ila dozi yake hufika miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 600 au zaidi, tena daktari anapima ini. Kwa viungo, kuna utafiti wa Denmark wa watu 136 wenye ugonjwa wa viungo. Nusu walipewa CBD, miligramu 20 hadi 30 kwa siku, wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, kwa wiki 12. Maumivu yalipungua kidogo kwa wote, na CBD haikuzidi kidonge kitupu. Ndiyo maana ushuhuda mwingi mtandaoni haunitoshi, ingawa siamini kwamba wote wanadanganya.

Mama: Mnanijadili nami nasoma. Goti nimelizoea, usingizi ndio unaonitesa. Lakini damu ya pua ilishanitoka mara moja ikakataa kukata, sitaki kuiona tena.

Salma: Pole Mama. Hatutakupa kitu bila daktari wako kujua.

Idi: Shikamooni. Na mimi je, Bibi Mdogo? Simezi dawa yoyote, ila misuli inauma sana baada ya mazoezi.

Mama Mdogo Rehema: Marahaba mjukuu. Wewe unakimbia mashindano ya kupimwa mkojo. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, iliiondoa CBD kwenye orodha ya marufuku mwaka 2018, lakini THC imebaki. Na mwaka 2017 watafiti walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD wakazipima: 18 zilikuwa na THC, na zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa hazikufika hata theluthi. Ukikutwa na THC, lebo ya chupa haitakutetea. Kwako nasema acha.

Juma: Haya moja hapa yameandikwa "mafuta ya mbegu za Cannabis sativa, miligramu 1000".

Mama Mdogo Rehema: Hayo ni ya kupikia na kupaka. CBD inatoka kwenye maua na majani, mbegu karibu haina kabisa. Hiyo 1000 ni uzito wa mafuta yenyewe.

Juma: Na chupa ya mililita 30 yenye CBD miligramu 1500?

Mama Mdogo Rehema: Hapo angalau kuna cha kuhesabu. 1500 gawanya kwa 30, ni miligramu 50 kwa mililita, tone moja kama miligramu 2.5. Ulinganishe na hili: Uingereza mwaka 2023 walishauri mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 10 kwa siku, yaani matone manne tu. Kisha mwombe muuzaji cheti cha maabara isiyo yake, chenye namba ya bechi ileile iliyo kwenye chupa. Kionyeshe CBD, THC, dawa za wadudu, metali nzito na mabaki ya kemikali za kukamulia. Akikuzungusha, ondoka. Akikwambia yanatibu saratani, usimsikilize zaidi. Na kwanza kabisa ujue sheria ya nchi unayoishi, maana kuna mahali chupa hiyo ni kosa la dawa za kulevya, hasa ukivuka nayo mpaka.

Mjomba Athumani: Na mjamzito au anayenyonyesha?

Mama Mdogo Rehema: Asiguse, kaka.

Salma: Kliniki ya Mama ni Alhamisi. Nitauliza habari ya usingizi, na dawa ya kupaka magotini.

Mama Mdogo Rehema: Hata ya kupaka mwambie daktari yuko kwenye warfarini, nyingine zinaigusa. Na uulize mazoezi ya magoti, hayo yana ushahidi mzuri kuliko chupa zote za Juma.

Mama: Basi hela mliyotaka kuchanga mumlipe huyo wa mazoezi.

Juma: Sawa Mama. Alhamisi nakupeleka mimi.

Salma: Juma, beba mfuko wote wa dawa, na kile kijitabu cha INR kiko juu ya kabati.