Stella Maris Mtwara au Chuo cha Waislamu Morogoro, wapi sheria za tabia zina afadhali?

KoroshoGhafi: Wakuu habari za jioni. Mdogo wangu kachaguliwa vyuo viwili, Stella Maris hapa hapa Mtwara na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, meseji ya TCU, tume ya vyuo vikuu, ya kuthibitisha ishaingia na siku zinakimbia. Ada nishapiga hesabu, shida yangu ni hizo sheria zao za mavazi, mabweni, kurudi saa ngapi. Wapi afadhali?

BintiChuno: Wa kike au wa kiume? Dini gani? Kozi gani? Atakaa bweni au atapanga? Unauliza bei ya samaki hujasema changu au dagaa

MzeeLigula: Stella Maris, usihangaike. Ni ya Wakatoliki ndio, iko chini ya SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ila mabinti wa hijabu nawaona kila siku wanashuka kwenye bodaboda wanaingia darasani. Na akileta ujinga mama yake anapata habari kabla ya magharibi

Mchinga2: Hapo ndio tatizo mzee, mtoto hatakua. Aende Morogoro. Halafu majengo yale yalikuwa ya TANESCO, Rais Mkapa ndio kawapa Waislamu, na yeye Mkatoliki wa Lindi

MzeeLigula: Lindi wapi?? Lupaso ipo Masasi, Masasi ipo Mtwara. Mnatuibia kila kitu

JuaKali_Mikindani: Mkimaliza ugomvi wa Mkapa nisikilizeni. Msiangalie dini, angalieni kitabu cha sheria ndogo. Mimi nilisoma chuo cha dini, sikitaji na sio hivyo viwili. Tulipanga nje wasichana watatu, kaka wa mwenzetu akatuletea unga na mkaa, mvua ikamkamata akalala sebuleni kwenye mkeka. Jirani kapeleka maneno. Jumatatu tunakuta majina yetu ubaoni, "utovu wa maadili", hakuna aliyeitwa kujieleza. Mwenzetu kasimamishwa mwaka mzima, mkopo wa bodi nao ukasimama, akarudi Newala kubangua korosho. Kifungu chenyewe kinasema "mwenendo usioendana na maadili ya chuo" nukta. Hapo hata kucheka kwa sauti kunaingia. Kwa hiyo ulizeni, kamati ya nidhamu inamsikiliza mtu kwanza? Kuna rufaa? Sheria inaishia getini au inamfuata mpaka chumba cha kupanga?

FundiMagomeni: Lakini dada si mlisaini fomu ya kukubali sheria?

JuaKali_Mikindani: Tulisaini, foleni ya usajili inakusukuma mgongoni na karani anataka risiti. Wewe ulisoma zote?

Mnyambe: Mpeleke Arusha kwa Wasabato, Ijumaa jua likizama kimya, pombe hakuna

BintiChuno: Kapata viwili na Arusha haimo, soma mada kaka. Na mimi hoja ya suruali haijawahi kuniingia, binti kavaa suruali pana na shati refu anarudishwa getini, mwenzake kavaa sketi imembana anapita

Mchinga2: Suruali ni suruali tu

FundiMagomeni: Nauli nayo muihesabu, mpaka Dar ndio uitafute Morogoro, na njia ikikatika Somanga kama ile 2024 ya kimbunga Hidaya mtu analala barabarani

KoroshoGhafi: Asanteni. Ni wa kike, Muislamu, ualimu. Halafu ana mtoto, juzi tu katimiza mwaka mmoja, bado ananyonya.

BintiChuno: Weeee! Hilo ndio la kuanza nalo!!

MzeeLigula: Bweni lisahau basi, sijui bweni linalopokea mtoto. Abaki hapa, bibi yake ashike mjukuu

KoroshoGhafi: Bibi ndio hataki abaki hapa, anasema watu watasema

JuaKali_Mikindani: Watu wapi, wa mtaani au wa chuo? Kesho nenda pale mwenyewe, muone mlezi wa wanafunzi, mwambie kuna mtoto, usikie jibu lake kwa masikio yako. Ukishindwa kumwambia leo, ataambiwa na mwingine

Mchinga2: Na baba wa mtoto yuko wapi?

BintiChuno: Hayo hayakuhusu

Mnyambe: Jamani kuna mwenye chumba cha kupanga karibu na Stella Maris, chenye maji ya uhakika? Namtafutia binamu yangu