Risk ya zamani na mpya: kuna njia ya Afrika Mashariki hadi Mashariki ya Kati?

Mama Nassor, Maskati

Assalaam alaykum jamani. Naomba msaada wa wanaoujua mchezo wa Risk, ule wa ubao wenye ramani ya dunia ambapo wachezaji wanatekana maeneo kwa majeshi na dadu, maana nyumbani kwetu umeshazua mzozo, na Idi hiyo inakuja, wageni watajaa.

Tuna masanduku mawili. La kwanza kaka yangu aliniletea kutoka London, ni lile toleo la 1999 la kuadhimisha miaka 40. Kete zake za chuma, ukizishika unahisi uzito: askari wa miguu, wapanda farasi na mizinga. La pili binti yangu kalinunua kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba. Hilo limetoka miaka ya baadaye na kete zake ni za plastiki. Maeneo ni yaleyale 42, mabara yaleyale sita, na anayeishika Afrika nzima bado anapata majeshi 3 ya ziada kila zamu. Lakini kwenye ubao wa zamani kuna njia inayovuka bahari kutoka Afrika Mashariki hadi Mashariki ya Kati. Kwenye ubao mpya haipo. Nimevaa miwani, nimeutoa ubao barazani kwenye mwanga, naona bahari tupu.

Wala si jambo dogo. Mwanangu wa kiume keshalijua. Tukicheza ubao mpya anakimbilia Afrika, anarundika majeshi Misri na Afrika Kaskazini, kisha huko nyuma, Kongo, Afrika Kusini, Madagaska na Afrika Mashariki yenyewe, anaacha jeshi mojamoja. Mtu utaingilia wapi? Tukicheza ubao wa zamani, Afrika haigusi mpaka dakika za mwisho.

Nami nina langu moyoni. Bibi yangu kazaliwa Unguja akaja kuolewa huku, na mpaka leo nina wajomba Mombasa. Majahazi yalishuka na kaskazi kwenda pwani yetu, yakangoja kusi ndipo yakarudi. Seyyid Said mwenyewe alihamishia makao yake Unguja kwa bahari hiyohiyo. Sasa leo niletewe ramani ya kuteka dunia inayoniambia kwamba baina ya pande hizi mbili hapapitiki! Inaniuma kwa kweli.

Basi naomba kujua: ubao upi ndio sahihi? Na kuna jingine lililobadilika kati ya matoleo ambalo nilijue kabla wageni hawajafika?

Kete Nyekundu, Dar

Shikamoo mama. Ubao wako wa zamani ndio sahihi, na hata mwanao akibisha mwambie hivyo. Njia ya Afrika Mashariki na Mashariki ya Kati ilikuwepo tangu toleo la kwanza kabisa la Ufaransa, lile la 1957 la Albert Lamorisse, yule mtengeneza filamu. Kuna matoleo ya baadaye yaliyochapishwa bila hiyo njia, na Hasbro wenyewe, kampuni inayoutoa mchezo huu, walithibitisha kwamba ni kosa la uchapishaji. Matoleo yaliyofuata wakairudisha. Hilo sanduku la binti yako limetoka katika kipindi hicho cha kosa.

Anachofanya mwanao ni hesabu safi, namsifu. Njia ikiwepo, Afrika ina milango mitatu ya kulinda: Afrika Kaskazini inayotazamana na Brazili na Ulaya, Misri, na Afrika Mashariki. Njia ikifutika inabaki miwili. Majeshi 3 kila zamu kwa kulinda milango miwili ni mali ya bure. Amerika Kusini nayo ina milango miwili, Venezuela na Brazili, lakini inalipa 2 tu.

Tena tazama upande wa pili. Mashariki ya Kati inapakana na maeneo sita: Afrika Mashariki, Misri, Ulaya Kusini, Ukraine, Afghanistan na India. Ndiyo njia panda ya ubao wote. Ukiondoa mguu mmoja, anayetaka Asia anapumua, na Asia haikukusudiwa kuwa rahisi: maeneo 12, majeshi 7 ya ziada, milango mitano.

Chukua kalamu ya wino usiofutika na rula, uichore njia mwenyewe. Mimi wangu nimeuchora na unafanya kazi vizuri.

Mtoto wa Malindi, Unguja

Mama Nassor, asalaam alaykum. Mimi nampinga kidogo mwenzangu hapo juu. Kwamba ni kosa la uchapishaji sina ubishi. Ila kosa lenyewe limeutendea mchezo wema.

Fikirieni bei. Amerika Kaskazini ina maeneo 9 na milango mitatu, Alaska, Greenland na Amerika ya Kati, nayo inalipa 5. Afrika yenye njia yake ina milango mitatu hiyohiyo na inalipa 3. Nani mwenye akili ataipigania? Ndiyo maana kwenye ubao wa kawaida Afrika inakuwa uwanja wa kupita: wa Brazili anapita kwenda Ulaya, wa Ulaya anapita kwenda Misri, na hapana anayekaa. Mimi nimekulia kwenye ramani ambazo Afrika kila mtu anapita tu. Siku nilipocheza ubao usio na hiyo njia ndipo nikaona watu wanaigombea Afrika kwa dhati, wanaanza nayo, wanajenga dola kutokea Kongo. Nilifurahi.

Kwa hiyo ushauri wangu: ichoreni njia, sawa, lakini mpandishe malipo ya Afrika yawe 4. Hapo mtapata vyote viwili.

Mama Nassor, Maskati

Marahaba mwanangu Kete Nyekundu. Nawe wa Malindi, wa alaykum salaam, maneno yako yamenikaa. Kuhusu malipo ya 4 nitawauliza wanangu, nikibadilisha peke yangu wataniambia nampendelea mtu. Na kadi je? Kwetu michezo inafika usiku wa manane, halafu mwishoni mtu mmoja anashusha kadi tatu, anapewa majeshi mengi hata hayana pa kukaa, anafagia dunia kwa zamu moja. Wadogo wanalia.

Abiria wa Bologna

Dada Mama Nassor, hapo kwenye kadi ndipo tofauti ya matoleo inapouma kuliko hata hiyo njia, khasa kwa familia yenye watoto.

Kanuni za Kimarekani, tangu kampuni ya Parker Brothers ilipoutoa 1959, zinapandisha thamani ya seti ya kadi tatu kila inaposhushwa, bila kujali nani kashusha: ya kwanza inaleta majeshi 4, kisha 6, 8, 10, 12, 15, halafu inaongezeka 5 kila mara, 20, 25, 30, haikomi. Huo ndio mfagio unaouona. Umewekwa makusudi ili mchezo ufike mwisho, maana bila hivyo mngekaa hadi alfajiri. Kuna kanuni za pili zilizozoeleka zaidi Ulaya, ambapo seti ina bei moja mwanzo hadi mwisho: kadi tatu za kufanana zinaleta 4, 6 au 8 kufuatana na picha, yaani askari wa miguu, farasi au mzinga, na mchanganyiko wa zote tatu unaleta 10. Ukicheza hivi hapatokei mtu wa kufagia, lakini lazima muwe na namna nyingine ya kumaliza.

Namna hiyo ni kadi za siri za malengo. Kila mchezaji anavuta moja mwanzoni na haionyeshi: teka Amerika Kaskazini na Afrika, au teka Asia na Afrika, au shika maeneo 24 popote. Anayetimiza lake kwanza kashinda, hakuna haja ya kuiteka dunia yote. Fungua kitabu cha kanuni cha lile sanduku la pili, uone kama yamo. Yasipokuwemo, andikeni wenyewe kwenye vipande vya karatasi. Na hapa narudi kwenye njia yako: mwenye lengo la Asia na Afrika, kwenye ubao wenye kosa, mabara yake mawili yanashikana kwa Misri peke yake. Mpinzani akikaa Misri kamkata vipande viwili. Kwa malengo ya siri, njia ya Afrika Mashariki ni ya lazima, wa Malindi anisamehe.

Huku Italia wana Risk yao, RisiKo!, na jambo lake kubwa ni dadu. Kwa kanuni za kawaida mshambuliaji anarusha dadu tatu na mlinzi mbili, na wote wakirusha idadi hiyo kamili, mshambuliaji anaua wawili karibu mara 37 katika 100, mlinzi anaua wawili mara 29, zilizobaki kila mmoja anapoteza mmoja. Yaani kushambulia kunalipa. Kwenye RisiKo! mlinzi naye anaweza kurusha tatu, na sare ni yake, kwa hiyo faida yote inahamia kwa aliyekaa kwake. Mchezo unakuwa wa subira na wa kujenga. Mimi ndio ninaoupenda, lakini kwa wageni wa Idi sikushauri, ni mrefu.

Kete Nyekundu, Dar

Naongeza moja kabla hamjanunua sanduku la tatu. Mwaka 2008 Hasbro waliutengeneza upya: kete zikawa mishale, kukawa na miji na makao makuu, na ushindi ukawa wa kutimiza malengo yanayoonekana na wote. Unaisha mapema na watoto wanaupenda. Mimi mshale hauniingii akilini, nataka nimwone farasi anavuka Madagaska, lakini kwa muda mfupi hilo ndilo toleo la kuchukua.

Mama Nassor, Maskati

Allah awalipe kheri nyote. Nimekaa na wanangu tumekubaliana: tutatumia ubao mpya kwa kuwa ni mkubwa na wageni ni wengi, njia tutaichora, kete tutachukua zile za chuma, kadi kwa bei isiyopanda, na malengo ya siri. Malipo ya Afrika yanabaki 3. Wa Malindi, nilikutetea, ila kura zilikukataa. Swali dogo la mwisho: hizi kadi mbili zenye picha zote tatu tunazifanyaje?

Abiria wa Bologna

Hizo zinashika nafasi ya kadi yoyote. Seti inabaki ya kadi tatu, na hiyo moja unaihesabu kama picha unayoikosa. Ila kama mnayagawa maeneo kwa kadi, maana kila moja ya zile nyingine ina jina la eneo, hizi mbili zitoeni kwanza kwenye rundo, kisha mzirudishe mchezo ukianza. Na mstari muuchore kutoka ncha ya Pembe ya Afrika hadi upande wa Yemen, usije ukagusa Misri, watoto watatafuta la kubishania.