Njia ya kati au ya kusini: ipi inafaa kwa safari ya kuona ngome na maboma ya kale?

Mpenda_Njia: Wakuu, habari zenu. Tuko wanne na gari dogo la kawaida. Tunataka kufuata njia ya misafara ya zamani, tukisimama penye ngome na maboma. Tumebaki na mbili: ya kati, Bagamoyo hadi Ujiji, au ya kusini, Kilwa hadi Songea. Mliopita huko, nipeni mwanga.

Binti_Unyanyembe: Ya kati, ndugu yangu. Anzeni Ngome Kongwe ya Bagamoyo, kisha mkifika Mbande chepukeni kupitia Kongwa hadi Mpwapwa. Wengi wanaipita, nami naona ndiyo kituo kinachoeleza njia nzima. Misafara ilipumzika hapo na kujaza maji na chakula kabla ya kuingia Ugogo, kwenye ukame na hongo, yaani ushuru wa kupita, za watemi. Wajerumani walipojenga ngome pale mwaka 1889, wakati wa vita vya Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga, walijua wanachofanya: mwenye Mpwapwa ndiye mwenye njia.

Baada ya Manyoni ingieni Kilimatinde, halafu Tabora. Wageni hukimbilia tembe la Kwihara alikokaa Livingstone mwaka 1872. Nendeni, lakini ulizeni pia habari za Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyelipua baruti ndani ya ngome yake Januari 1893 Wajerumani walipomzidi. Ukisimama mbele ya boma la Wajerumani la Tabora bila kumjua Isike, umeona kuta tu.

Mwana_Kusini: Dada, historia hiyo siipingi, ila mtu anayetaka ngome aende kusini. Gereza la Kilwa Kisiwani, ndivyo ngome ya pale inavyoitwa, bado limesimama ufukweni: Wareno walijenga ngome yao mwaka 1505, na Waomani wakaja kujenga upya karne ya 19. Kisiwa chenyewe kiko kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Lipieni kiingilio mjini Kilwa Masoko kabla ya kupanda mashua.

Msiikose Kilwa Kivinje. Hapo ndipo misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilipofikia na watumwa na pembe za ndovu. Boma la Wajerumani liko palepale kando ya bahari na linaoza, inaniuma sana. Songea kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali pa mashujaa wa vita hivyo dhidi ya Wajerumani walionyongwa Februari 1906.

Dereva_Masafa: Mimi nasemea barabara. Kutoka Nangurukuru kwenda Liwale ni vumbi, na masika gari dogo litawalaza porini. Zungukeni Lindi, Masasi, Tunduru hadi Songea, lami yote. Tatizo ni kwamba hapo mmeiacha njia ya misafara mbali kaskazini, mnaunganisha miji tu. Ya kati haina shida hiyo: Manyoni, Itigi hadi Tabora sasa ni lami, na mnapita karibu na walikopita wapagazi. Kwa gari lenu ningechagua hiyo, Kilwa niiwekee safari yake peke yake.

Mwana_Kusini: Hapo kwa Liwale nakubali.

Mpenda_Njia: Asanteni sana. Basi ni Bagamoyo hadi Ujiji. Dada, boma la Tabora wanaruhusu picha?

Binti_Unyanyembe: Hapana, liko mikononi mwa jeshi. Litazameni kwa nje, simu mfukoni. Picha mtapiga Kwihara.