Papa wadogo kwenye kayaki: kumpandisha, kumtia kitanzi au kukata waya?

MvuviKilifi
Salaam wanajamvi. Navua kwa kayaki ya plastiki, ile ya kukaa juu, kuanzia mlango wa hori hadi nje kidogo ya mwamba. Nalenga kolekole kwa vibua, lakini kaskazi ikivuma papa wadogo ndio wanaotangulia chambo, wengi hawafiki mita moja. Naona njia tatu: nimpandishe mapajani nimtoe ndoano, nimtie kitanzi cha mkia nimweke ubavuni, au nikate waya unaoshika ndoano aende zake. Ipi ni salama kwangu na kwake? Wengine huwa twawala nyumbani, kwa hiyo nataka jibu la pande zote mbili.

BahariaTanga
Ya kwanza iondoe kabisa, ndugu yangu. Papa hana mfupa, mwili wake wote ni gegedu, na yule mdogo hujikunja hadi mdomo ukafika mkiani. Ukimkamata mkia tu, mkono wako uko njiani. Kwenye dau una pa kurukia. Kwenye kayaki umenyoosha miguu palepale anapojipiga, na ndoano bado iko mdomoni mwake. Halafu kuna ngozi. Ipapase kuelekea mkiani, ni laini. Rudisha kiganja kuelekea kichwani, ni msasa. Paja linachunika kabla jino halijakugusa.

Naye anaumia. Hana mbavu za kushikilia ini na matumbo, kwa hiyo ukimning'iniza kwa mkia upige picha, vya ndani vyote vinavuta upande mmoja.

MpembaMkoani
Kitanzi nakikubali kwa papa wa kuliwa tu. Wa kuachiwa usimfunge mkia ukapiga kafi: akiburutwa kinyumenyume maji hayapiti vizuri kwenye mashavu, na anakufa ukidhani umemhifadhi.

Kama ni wa chungu, mchinje papo hapo, mwache atoke damu, mtumbue na umfunike asipigwe na jua. Damu na nyama yake zina yurea, na akikaa hiyo yurea inageuka amonia. Ile harufu kali ambayo watu husema ndiyo ya papa, mara nyingi ni ya papa aliyecheleweshwa. Aliyetumbuliwa mapema ukampika kwa nazi na ndimu, wageni watakuuliza ni samaki gani.

MsafiriOrlando
Niko Florida, na huku kayaki za uvuvi zimejaa. Tangu Julai 2019, anayelenga papa kwa chambo cha samaki, awe ufukweni au chomboni, lazima atumie ndoano ya duara, ile ambayo ncha yake imepinda kurudi ndani, isiyo ya chuma kisichoshika kutu, na awe na kifaa cha kukata waya au ndoano upesi. Naona sheria hii imeandikwa na watu wanaoijua kazi. Njia ya tatu ndiyo yangu, ila ukate karibu na mdomo. Kumwachia papa waya mrefu unaoburuta si kumwachia.

BahariaTanga
Hapo kwenye ndoano ndipo penye uzito kuliko hata hizo njia tatu. Ndoano ya kawaida papa huimeza hadi tumboni, na huko koleo halifiki. Ya duara hushika pembe ya taya, mradi usikurupuke kuvuta: akiondoka na chambo, acha mshipi ukaze wenyewe. Bonyeza chembe, kile kijino cha ndoano kinachozuia isichomoke, kwa koleo kabla hujatoka pwani, itachomoka kwa msokoto mmoja. Baada ya waya mfupi tia nailoni nene, maana mkia na ngozi hukata mshipi mwembamba.

MpembaMkoani
Na umtambue kwanza, MvuviKilifi. Papa pingusi, yule wa kichwa kama nyundo, usimle, hata akiwa wa kiganja na nusu. Tangu 2019 yule pingusi wa kwenye mabango ya pwani yetu, Sphyrna lewini, yuko kwenye daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka katika orodha ya kimataifa ya IUCN, na watoto wake hukulia maji machache, humo humo unamopita. Anachoka upesi kuliko papa wengine, kwa hiyo usimchezeshe. Kata waya mara moja.

Papa yeyote mdogo, mtazame tumboni kati ya mapezi ya mbele. Ukiona kovu la kitovu halijafunga, huyo kazaliwa karibuni. Mrudishe.

MvuviKilifi
Nimeshukuru sana, ami zangu. Pingusi nimewaona humu horini, nami sitawagusa tena. Kitanzi nitakitumia kwa wa kuliwa pekee, na nanunua ndoano za duara wiki hii. Koleo la kukatia mwaliweka wapi?

MsafiriOrlando
Kifuani, kwenye jaketi la kuokolea, upande wa mkono unaoutumia, na ulifunge kwa kamba fupi. Nyuma ya kiti hulifikii papa akiwa ubavuni.