Kumwekea mali kijana mwenye ulemavu bila kumpotezea SSI na Medicaid

Swali, kutoka Columbus, Ohio

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Mwanetu wa kiume ana miaka 19 na ana usonji. Mambo ya fedha hayawezi. Tangu alipotimiza miaka 18, kipato chetu wazazi kilipoacha kuhesabiwa, anapokea SSI, yaani malipo ya kila mwezi ya serikali ya Marekani kwa wenye ulemavu wasio na uwezo, na anatibiwa kwa Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mume wangu ana bima ya maisha ya dola 200,000 kupitia kazini kwake, na kwenye fomu ameandika watoto wetu wawili wagawane nusu kwa nusu. Babu yao aliyeko Malindi naye ameahidi kumkatia kijana kiwanja. Jamaa wanatushauri tumwachie dada yake kila kitu, kwa kuwa ndiye atakayemtunza. Wakili mmoja ametutajia mfuko wa amana wa watu wenye ulemavu, yaani mali ishikwe na mdhamini kwa manufaa ya kijana, lakini ada yake si ndogo. Je, mfuko huo unatuhusu sisi tusio matajiri?

Jibu la kwanza

Mama, unawahusu ninyi kuliko matajiri. Anayepokea SSI haruhusiwi kuwa na mali inayohesabika inayozidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijapandishwa tangu mwaka 1989. Nyumba anayoishi na gari moja havimo katika hesabu hiyo. Bima ikilipwa leo, kijana atapata dola 100,000 kwa jina lake, na SSI itasimama, pengine pamoja na Medicaid.

Mali iliyo ndani ya mfuko haihesabiwi kuwa ya kijana. Mifuko yenyewe ni ya namna mbili, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Ule unaoanzishwa na wazazi kwa mali yao wenyewe haudaiwi na serikali, na kijana akifariki kilichobaki huwaendea mliowataja. Ule unaowekwa fedha ambazo tayari ni zake lazima uanzishwe kabla hajatimiza miaka 65, na akifariki jimbo hurudishiwa kwanza gharama za Medicaid. Kwa hiyo, mfuko ukishaandikwa, mume wako aende kubadilisha fomu ya bima, jina la kijana litoke na la mfuko liingie. Wasia pekee hautoshi, maana bima hulipwa kwa kufuata fomu.

Jibu la pili

Kuhusu dada mtu, sina shaka na moyo wake. Ila akiachiwa mali kwa jina lake, mbele ya sheria ni yake: akipewa talaka, akidaiwa au akitangulia kufa, mali hiyo itagawanywa kama mali yake nyingine. Mfanyeni mdhamini wa mfuko, na mtajeni wa kumrithi katika kazi hiyo.

Mdhamini ajue pia namna ya kulipa. Kijana akihitaji kompyuta au mwalimu wa kuogelea, hundi iandikwe kwa jina la muuzaji au la mwalimu. Fedha taslimu akikabidhiwa mkononi, SSI hupunguzwa karibu dola kwa dola. Chakula kiliacha kuhesabiwa tarehe 30 Septemba 2024, lakini kodi ya nyumba inayolipwa na mfuko bado hupunguza malipo. Njia halali ni kupitisha fedha za kodi kwenye akaunti ya ABLE, ambayo ni akaunti maalumu ya akiba ya watu wenye ulemavu, na kuzitumia mwezi huohuo zinapotolewa. Akaunti hiyo inaweza kuwa na hadi dola 100,000 bila kugusa SSI.

Jibu la tatu

Nadhani kiwanja cha Malindi kimesahauliwa. Mali iliyo nje ya Marekani huhesabiwa vilevile ikiwa mwenyewe anaweza kuiuza, kwa hiyo mzee asiandikishe hati kwa jina la mjukuu kabla ya kuongea na wakili wenu.

Ikiwa ninyi ni Waislamu, kuna jambo jingine. Kijana hamrithi babu yake maadamu mwana wa kiume wa huyo mzee yu hai, hivyo babu anaweza kumusia mjukuu ndani ya theluthi ya mali yake. Ninyi wazazi hali yenu ni tofauti: mwanenu ni mrithi wenu, hausiwi bila ridhaa ya warithi wengine, na fungu lake litamfikia kwa jina lake mwenyewe. Kwa sababu hiyo familia nyingi huweka mali kwenye mfuko wakiwa hai, baada ya kushauriana na shehe na wakili pia.

Na mkimpeleka kumsalimia babu, angalieni kalenda: akikaa nje ya Marekani siku 30 mfululizo, SSI husimama, na hairudi mpaka akae Marekani siku nyingine 30 mfululizo.